Seli zinatengenezaje amino asidi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara, kuanzia kinundu cha kunde mpaka kidonge cha malaria cha SP

Kwanza kabisa, amino asidi ni nini na kwa nini kila mara inatajwa nitrojeni?

Amino asidi ni molekuli ndogo ambazo seli inaziunganisha moja baada ya nyingine mpaka inapata protini, za kawaida ziko 20 na ni hizo hizo kwa binadamu, mchicha, kuku na bakteria. Kila moja ina kaboni zake na ina nitrojeni imepachikwa hapo. Kaboni haisumbui, ukila ugali unayo na mmea ukipata jua unayo, kinachosumbua siku zote ni nitrojeni: inatoka wapi, nani anaikamata, na nani anaipachika. Karibu kila kitu kinachofuata hapa chini kinatokana na hilo.

Si hewa imejaa nitrojeni? Kwa nini tusiitumie hiyo hiyo?

Ni kweli 78% ya hewa ni nitrojeni, unaivuta na unaitoa vile vile ilivyoingia, hakuna seli yako hata moja inayoweza kuigusa. Atomu zake mbili zimeshikana kwa bondi tatu na kuziachanisha ni kazi kubwa haswa. Wanaoiweza ni aina fulani za bakteria na jamaa zao akea, basi. Mmea wenyewe hauwezi, mnyama hawezi, uyoga hauwezi. Kuna mwani mmoja wa baharini ambao mwaka 2024 watafiti walionyesha kwamba bakteria aliyekuwa anaishi ndani yake ameshageuka kuwa sehemu ya seli yenyewe, wakaiita nitroplasti, lakini hata hapo asili ya kazi ni bakteria.

Enzaimu inayofanya hiyo kazi inaitwa nitrojinezi, ina chuma na molibdenamu katikati yake, na kubadilisha molekuli moja ya nitrojeni kuwa amonia mbili inakula ATP 16 (ATP ni kama sarafu ya nguvu ndani ya seli), yaani gharama yake ni kubwa sana. Halafu oksijeni inaiharibu. Sasa kunde, karanga, soya, choroko na maharage wametatua hilo kwa njia nzuri mno, wanawapa bakteria vinundu vya kuishi kwenye mizizi, wanawalisha sukari, na ndani ya kinundu wanaweka protini nyekundu ya jamii moja na ile ya damu yetu inayoshikilia oksijeni isizagae. Ndo maana ukitaka kujua kama kunde zako zinafanya kazi, ng'oa mche, pasua kinundu kwa kucha: kikiwa cha pinki au chekundu ndani kinafanya kazi, kikiwa cheupe bado hakijaanza au bakteria waliomo hawafai, kikiwa cha kijani au kahawia kimechoka. Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, ndo walithibitisha habari ya vinundu kwenye miaka ya 1880, lakini wakulima walishaona zamani sana kwamba mahindi yanayofuata kunde yanatoka vizuri.

Binadamu tulikuja kuiweza kwa njia ya kiwandani tu, Fritz Haber alionyesha inawezekana mwaka 1909 na Carl Bosch akaikuza, kiwanda cha kwanza kikaanza Oppau Ujerumani mwaka 1913. Kinahitaji joto la nyuzi 400 na zaidi na presha kubwa ajabu. Bakteria anafanya hilo hilo kwenye udongo wa kawaida, joto la kawaida. Mimi kila nikifikiria hili naona ni moja ya mambo makubwa kabisa yanayoendelea duniani na hayana kelele.

Kwa hiyo nikipanda soya niweke yurea au nisiweke?

Mbolea nyingi ya nitrojeni inafanya mmea uache kutengeneza vinundu, ukishapata cha bure ardhini hauna haja ya kulisha bakteria sukari yake. Kwa soya ni bora kupaka mbegu bakteria wake kabla ya kupanda, kwa sababu bakteria wanaoelewana nayo vizuri mara nyingi hawapo kwenye udongo wetu, Kenya kuna ile Biofix iliyotoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Na usisahau fosforasi, ATP zote hizo zinahitaji fosfeti. Maharage ya kawaida ni mvivu kidogo kwenye hii kazi ukilinganisha na soya na kunde, usiyategemee peke yake.

Amonia ikishapatikana inaingiaje sasa kwenye amino asidi?

Hapa ndo penyewe, kama una muda wa swali moja tu soma hili. Amonia ikizagaa kwenye seli ni sumu kwa hiyo inakamatwa haraka, na mlango mkuu ni karibu uleule kwa viumbe vyote, nao ni amino asidi mbili, glutameti na glutamini. Enzaimu ya kwanza, glutamini sinthetezi, inachukua glutameti, inaiongezea amonia moja, inalipa ATP moja, inatoka glutamini. Kwenye mimea na bakteria wengi kuna enzaimu ya pili inayochukua hiyo glutamini pamoja na alfa-ketoglutareti (hii inatoka kwenye mzunguko ule wa Krebs uliosoma sekondari) na inatoa glutameti mbili. Moja inarudi mwanzo kukamata amonia nyingine, ya pili ndo faida. Hii enzaimu ya pili ilijulikana mwaka 1970 tu, Uingereza, na Tempest na wenzake, kabla ya hapo watu walidhani bakteria wanategemea enzaimu nyingine ambayo kumbe inafaa zaidi pale amonia ikiwa nyingi.

Glutameti ni kama wakala wa M-Pesa, kila anayetaka nitrojeni anapita kwake kutoa na mwenye ya ziada anapita kwake kuweka. Kwa bakteria E. koli imepimwa: karibu 88% ya nitrojeni yote ya seli imepitia kwenye glutameti na zile 12% zilizobaki kwenye glutamini. Ndo maana ndani ya seli glutameti inakuwa nyingi kuliko karibu kitu kingine chochote.

Binadamu hatuna ile enzaimu ya pili, lakini ile ya kwanza tunayo, kwenye ini, misuli na ubongo, na inatuokoa kila siku. Mtu ambaye ini limekufa amonia inapanda kwenye damu, anaanza kuchanganyikiwa, analala sana, mwishowe anapoteza fahamu, ubongo umezidiwa na amonia.

Na hizo nyingine zote 18 zinatoka wapi?

Zinatokana na vitu ambavyo seli tayari inavyo ikichoma sukari. Seli inachukua kipande cha kaboni kilichopo, inakirekebisha, halafu glutameti inahamishia nitrojeni yake hapo. Piruveti inatoa alanini, valini na leusini. Oksaloaseteti inatoa aspateti, na kutoka hapo asparajini, threonini, methionini, isoleusini na kwa bakteria na mimea lisini pia. Alfa-ketoglutareti ukiiacha glutameti yenyewe inatoa prolini na arjinini. Serini, glaisini na sisteini zinatoka katikati ya njia ya glukosi. Histidini ina njia yake ya peke yake, ndefu, inaanzia kwenye sukari ile ya RNA. Na tatu zenye pete, yaani fenilalanini, tairosini na triptofani, zinapita njia inaitwa ya shikimeti ambayo nitairudia kwenye dawa za magugu.

Kuhamisha nitrojeni kunafanywa na enzaimu zinazoitwa transaminezi, Braunstein na Kritzmann wa Urusi ya Kisovieti waliieleza mwaka 1937, na zote zinahitaji vitamini B6. Hizi unazijua hata kama hujui kwamba unazijua: ukienda kupima ini wakakuandikia ALT na AST, hizo ni transaminezi mbili. Zinatakiwa kukaa ndani ya seli za ini, zikionekana nyingi kwenye damu maana yake seli zinapasuka.

Kwa nini binadamu hawezi kutengeneza zote 20?

Tunazoshindwa ni 9: histidini, isoleusini, leusini, lisini, methionini, fenilalanini, threonini, triptofani na valini. Ukiziangalia ndo zenye hatua nyingi na gharama kubwa. Kwa hesabu za bakteria, kutengeneza triptofani moja kunakula nguvu sawa na ATP 74 hivi wakati alanini ni kama 12. Mababu zetu wa mbali sana walikuwa wanakula viumbe vyenye hizo amino asidi tayari, jeni za kuzitengeneza zikaharibika na hakuna aliyedhurika, basi zikapotea. Wanyama karibu wote wako hivyo hivyo.

Ingawa ng'ombe ana namna yake. Yeye mwenyewe hawezi lakini bakteria wa tumboni wanaweza, wanachukua hata yurea wanatengeneza amino asidi zote 20, kisha ng'ombe anawayeyusha anawala. Ndo msingi wa kuchanganya yurea kidogo kwenye mabua makavu kiangazi. Ila wafugaji jamani, kipimo apange bwana mifugo, yurea ikizidi amonia inatoka haraka kuliko bakteria wanavyoikamata na ng'ombe anakufa siku hiyo hiyo.

Ugali na maharage, kuna ukweli wa kisayansi au ni mazoea tu?

Kuna ukweli mkubwa. Protini nyingi ya punje ya mahindi inaitwa zeini na haina lisini karibu kabisa, triptofani nayo kidogo. WHO inasema mtu mzima anahitaji miligramu 30 za lisini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mtu wa kilo 60 ni gramu 1.8. Gramu 100 za unga wa mahindi zinakupa kama robo gramu, gramu 100 za maharage makavu zinakupa kama gramu moja na nusu. Piga hesabu mwenyewe. Maharage nayo yana methionini ndogo, na mahindi yanaifidia. Mimea ya jamii ya kunde inapata nitrojeni kwenye vinundu ndo maana ina uwezo wa kuijaza mbegu protini. Sio lazima viliwe sahani moja, siku hiyo hiyo inatosha.

Anayenitia wasiwasi ni mtoto anayeachishwa ziwa anayepewa uji wa mahindi mtupu asubuhi mpaka jioni. Weka karanga iliyosagwa, weka maziwa, weka dagaa waliosagwa, yai, chochote chenye lisini. Tumbo la mtoto ni dogo, hawezi kula uji mwingi kiasi cha kufidia.

Na kuna mahindi yenyewe yaliyoboreshwa. Mwaka 1964 Chuo Kikuu cha Purdue Marekani walitangaza mahindi yenye jeni inayopunguza zeini, protini nyingine zenye lisini zikaongezeka, lakini punje zilikuwa laini, wadudu wanazipenda, mavuno madogo. Evangelina Villegas na Surinder Vasal kule CIMMYT, kituo cha utafiti wa mahindi na ngano Mexico, wakahangaika nayo miaka mingi mpaka wakapata yenye punje ngumu, wakapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000. Tanzania mbegu za namna hiyo zilitoka kwa jina la Lishe. Natamani zingekuwa zinapatikana kila duka la pembejeo.

Dawa ya magugu ya glaifoseti inahusianaje na haya?

Inaziba enzaimu moja kwenye njia ya shikimeti. Mmea unakosa fenilalanini, tairosini na triptofani, unageuka njano, unakufa taratibu ndani ya wiki moja au mbili, ndo maana ukipulizia leo huoni kitu kesho. Wanyama hatuna hiyo njia kabisa. Lakini hiyo haifanyi dawa iwe maji ya kunywa: bakteria wa tumboni wengine wanayo njia hiyo, na taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO iliiweka mwaka 2015 kwenye kundi la vitu vyenye uwezekano wa kusababisha saratani, ingawa mamlaka nyingine hazikukubaliana nayo. Vaa glavu na barakoa. Ile nyingine ya glufosineti inaziba glutamini sinthetezi yenyewe, amonia inajazana kwenye jani, kwa hiyo inaunguza haraka zaidi.

Malaria je? Niliambiwa SP inazuia mdudu asitengeneze kitu fulani.

Ndiyo, foleti. Ili seli itengeneze herufi za DNA, ambazo nazo ni vitu vya nitrojeni, inahitaji foleti kubeba kaboni moja moja. Sisi foleti tunakula, mboga za majani, maharage, maini. Kidudu cha malaria kinajitengenezea chenyewe, na sehemu ya malighafi inatoka kwenye ile ile njia ya shikimeti. SP ni dawa mbili: sulfadoksini inaziba hatua moja ya kutengeneza foleti na pirimethamini inaziba hatua nyingine ya mbele, DNA inakwama. Tanzania ilikuwa dawa ya chaguo la kwanza kwa malaria kuanzia 2001 kabla ya usugu kuleta dawa ya Mseto, na mpaka leo mjamzito anapewa kliniki kama kinga. Septrin inafanya kwa mtindo huo huo kwa bakteria.

Hapa kuna jambo la muhimu kwa mama mjamzito: vidonge vya foliki asidi vyenye dozi kubwa, miligramu 5 kwa siku, vinapunguza nguvu ya SP kwa sababu vinamsaidia mdudu. WHO inapendekeza miligramu 0.4. Usiache mwenyewe, muulize muuguzi vidonge vyako ni vya ngapi.

Mdudu huyo mambo yake mengine ni ya kushangaza. Amino asidi anazipata kwa kuyeyusha himoglobini ya damu yako, lakini himoglobini ya mtu mzima haina isoleusini hata moja, hiyo inabidi aivute kutoka nje ya seli nyekundu. Herufi za DNA za kundi la purini hawezi kuzitengeneza, anaokota zako. Za pirimidini hawezi kuokota, anatengeneza. Kila sehemu asiyoweza, au anayoweza peke yake, ni sehemu ya kumpiga dawa.

Ukiacha protini, amino asidi zinatengeneza nini kingine?

Vingi mno. Rangi nyekundu ya damu, himu, nitrojeni zake zote nne zinatoka kwenye glaisini. David Shemin wa Marekani alijua hivyo mwaka 1945 kwa kula yeye mwenyewe glaisini yenye nitrojeni nzito na kujipima damu, na humo humo akagundua seli nyekundu inaishi karibu siku 120. Tairosini inatoa adrenalini, homoni ya tezi ya shingo, na melanini ya ngozi. Njia hiyo ya melanini ikikatika mtu anazaliwa na ualbino, ni jeni za enzaimu na usafirishaji wake ndani ya seli, hakuna kingine. Arjinini inatoa gesi ya naitriki oksaidi inayolegeza mishipa ya damu, Nobel ya 1998. Triptofani inatoa serotonini na kiasi cha vitamini B3. Kahawa yako ya Bukoba, kafeini yake imetokana na purini, na chai ina thianini inayotengenezwa kwenye mizizi kutoka glutameti.

Na sumu ya muhogo?

Nayo inatoka huku huku. Muhogo unachukua valini unaigeuza kuwa linamarini, na kidogo isoleusini kuwa ndugu yake lotaustralini, zinakaa kwenye mizizi na majani. Ukiukwaruza au ukiutafuna enzaimu inakutana nazo na sianidi inatoka. Mwili unaisafisha sianidi kwa kuibandika salfa, na hiyo salfa inatoka kwenye sisteini na methionini ulizokula. Sasa fikiria kijiji chenye ukame, watu wanakula muhogo mchungu tu wiki nyingi mfululizo, hawana samaki wala maharage, na kwa sababu ya njaa wameuandaa haraka haraka. Ndo konzo inapotokea, miguu inapooza ghafla na haiponi, wengi ni watoto na wanawake. Imetokea sana Kongo, Msumbiji, na kwetu Tarime mkoani Mara miaka ya 1980.

Kinga inawezekana jikoni. Loweka siku tatu hivi mpaka ulainike, kisha anika. Na unga ulioshasagwa tayari unaweza kuutoa sumu iliyobaki: changanya na maji uwe tope, utandaze mwembamba usiozidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini, sianidi inaruka hewani, halafu pika ugali siku hiyo hiyo. Kongo njia hii imetumika vijijini na konzo mpya ikakoma. Kisamvu kitwange vizuri na uchemshe bila kufunika.

Seli inajuaje kwamba zimetosha?

Bidhaa ya mwisho ya njia inafunga enzaimu ya kwanza. Edwin Umbarger alionyesha mwaka 1956 kwamba isoleusini ikiwa nyingi inaenda kukaa kwenye enzaimu ya kwanza ya njia yake na kuizima, ikipungua inatoka, kazi inaendelea. Njia nyingi ziko hivyo. Glutamini sinthetezi ya bakteria ina vipande 12 na inazuiwa kidogo kidogo na bidhaa nyingi tofauti, triptofani inaibana kidogo, histidini kidogo, na kadhalika, hakuna mmoja anayeweza kuizima peke yake maana wengine wangekosa.

Nikila protini nyingi sana, ziada inaenda wapi?

Haihifadhiwi. Nitrojeni inatolewa, ini linaigeuza yurea (Krebs na Henseleit, 1932) unaikojoa, kaboni inachomwa au inakuwa mafuta. Purini zenyewe zinaishia yuriki asidi, ikizidi ndo gauti inayouma kidole gumba cha mguu. Kuhusu makopo ya unga wa amino asidi ya jimu, kama unakula mayai, samaki, nyama au maharage ya kutosha huna unachokosa.

Ni kweli kuna dawa ya saratani inayotumia elimu hii?

Kweli. Seli nyingi za kawaida zinajitengenezea asparajini kutoka aspateti na glutamini. Seli za aina moja ya saratani ya damu inayowapata sana watoto haziwezi kutengeneza ya kutosha, zinategemea iliyopo kwenye damu. Daktari anamchoma mtoto enzaimu inayoitwa asparajinezi, inayotengenezwa na bakteria, inavunja asparajini yote ya kwenye damu. Seli zake za kawaida zinaendelea kujitengenezea, zile za saratani zinakosa na zinakufa. Inatolewa pamoja na dawa nyingine, sio peke yake, na inahitaji uangalizi wa karibu kwa sababu inaweza kuleta mzio mkali na kuumiza kongosho.